Daktari Githinji na Fahali wa Wino

Kwa miaka thelathini na moja Githinji alikagua nyama katika machinjio ya mji wa Isiolo, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwambia mtu neno tamu. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Kazi yenyewe haikuacha nafasi ya utamu. Nyama ama inaliwa ama hailiwi, na mtu mzima aliyevaa koti jeupe hasimami mbele ya ini lenye minyoo akaanza kulisifia rangi. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwa daktari wa kitu chochote, na alipostaafu alibaki na jina hilo, koti hilo, na tabia ya kubonyeza kila kitu kwa kidole gumba kabla ya kukiamini. Mkewe Gathoni alimkataza kubonyeza mikate ya watu dukani, akachoka.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kwenye michoro? Lawama ni za Sheila, mwenye duka la madaftari na fotokopi karibu na soko. Sheila alianzisha kikundi akakiita Jumamosi ya Wino. Kila wiki alichomoa karatasi moja kutoka kwenye mkebe wa majani ya chai, akawatumia wanachama neno lililoandikwa humo, na kila mmoja akaenda kulichora kwa wino, bila penseli na bila kufuta. Jumamosi iliyofuata, saa tisa, walikutana nyuma ya duka katikati ya mabunda ya karatasi ili waambiane maoni.

Shida ilikuwa hayo maoni. Kila mtu alimsifu kila mtu. Jeremy, karani mmoja mpole, hakuweza kuchora mikono, kwa hiyo kila binadamu aliyemchora alikuwa ametia mikono mfukoni, hata mtoto mchanga, hata bondia akiwa ulingoni. Kwa miezi mitano wenzake walimwambia kwamba yuko moto. Sheila aliona kikundi kinaoza kwa sukari. Ndipo akamkumbuka Daktari, ambaye siku moja alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, akabonyeza ile mashine ubavuni, akasema bila kuulizwa kwamba hiyo haimalizi mwaka. Kweli haikumaliza.

"Kuja utuangalilie michoro," Sheila alimwambia.

"Mimi sijui mambo ya michoro."

"Lakini unajua kusema ukweli."

Hilo Githinji hakuweza kulikana. Jumamosi iliyofuata alifika na koti lake, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaanza kazi kwa njia aliyoijua. Aliinua mchoro kwenye mwanga wa dirisha. Aliunusa. Aliubonyeza katikati na kwenye pembe. Kisha akatangaza kwa sauti ile ya machinjioni, iliyozoea kushindana na misumeno, mojawapo ya hukumu tatu: imepita, imepita baada ya kukatwa, au imekataliwa.

"Huyu bondia anaficha nini mfukoni?" alimwuliza Jeremy siku ile ya kwanza, na watu wa fotokopi huko mbele wakageuka. "Imekataliwa."

Dahabo, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa amechora watu wakivuka daraja, lakini karatasi ilimwishia kwenye magoti yao.

"Miguu ilienda wapi?"

"Karatasi iliisha, Daktari."

"Basi kutoka goti kushuka chini, imekataliwa. Huko juu imepita. Kata, ubaki na ya juu."

Dahabo alikata, akaning'iniza sehemu ya juu kibandani mwake. Alikuwa mmoja wa wachache waliomwelewa. Wengine walirudi mara moja au mbili kisha wakaanza kupata shughuli nyingine za Jumamosi, na kikundi kilichokuwa na watu kumi na wanne kikabaki na sita. Hao sita waligundua kwamba kitu pekee ambacho Daktari aliweza kukisifu ni mnyama. Tangu hapo neno liwe lolote, wao walileta mifugo. Wiki ya neno Sherehe walileta mbuzi watano na punda. Wiki ya neno Upendo Jeremy alichora kondoo wawili wakitazamana, na kwa kuwa kondoo hana mikono wala suruali, ulikuwa mchoro wake bora kabisa. Githinji aliutazama muda mrefu.

"Hawa wako na afya," alisema. "Imepita."

Jeremy alitoka nje kumpigia mama yake simu.

Mambo yangeendelea hivyo vizuri tu, kama Antony, kitinda mimba wa Githinji, hangempenda Peris. Antony alikuwa fundi wa pikipiki, kijana mnyamavu, na Peris alikuwa mwanachama wa Jumamosi ya Wino aliyechora ngamia wenye kope ndefu. Wote wawili walikuwa wamekubaliana. Gathoni alikuwa amekubali kabla hata ya kuulizwa. Aliyebaki ni mama yake Peris, Nakolong, mjane wa Kiturkana aliyeishi mtaa wa Kiwanjani, na Nakolong alisema maneno machache yaliyoeleweka na kila mtu.

"Kijana sina neno na yeye. Baba yake ndiye sitaki kuona kwa boma yangu."

Sababu ilikuwa fahali. Miaka kumi na moja nyuma Nakolong alipeleka machinjioni fahali wake, jina lake Longor, ambaye alimnunua soko la Kulamawe akiwa ndama na kumlea kwa miaka saba. Asubuhi hiyo Githinji alichelewa. Alipofika, Longor alikuwa ameshachunwa, na kichwa chake kilikuwa kimeshatoroka kwenda kwa wauza supu. Githinji alipasua ini, akaona minyoo, akabonyeza nyama, akaona maji. Alikataa fahali mzima. Wakammwagia dawa wakamfukia shimoni. Nakolong aliapa mbele ya soko lote kwamba Longor hakuwa na ugonjwa wowote, na kwamba Daktari alikula ile nyama na ndugu zake. Watu walipenda hadithi hiyo kuliko ile ya minyoo. Hata kanisani mzee mmoja alimwuliza Githinji kwa upole kama fahali alikuwa mtamu. Hilo lilimuuma, na liliendelea kumuuma, kwa sababu jina safi lilikuwa ndilo pensheni aliyojivunia.

Sasa Peris akaleta habari. Mama yake alikuwa amesikia kwamba Daktari siku hizi anahukumu michoro, akacheka kicheko kisicho na furaha, akaomba karatasi na wino. Nakolong alikuwa amechora kwenye vibuyu maisha yake yote kwa msumari wa moto. Neno la wiki hiyo lilikuwa Hasira.

"Anakuja Jumamosi," Antony alimwambia baba yake. "Anakuletea mchoro. Baba, nakuomba. Sema tu ni poa. Neno moja. Ukiikataa hiyo, mimi na Peris tumeisha."

"Na kama ni mbaya?"

"Hata kama amechora na kisigino."

Githinji alimpenda mwanawe. Alikubali kujifunza. Ijumaa nzima Gathoni alimfundisha kusifu, akimwonyesha picha za kalenda ya duka la dawa za mifugo.

"Sema, nimependa mistari."

"Nimependa mistari," alisema Githinji, "ile ambayo haijapinda."

"Hapana. Malizia kwa mistari."

Walijaribu kwa mto wa kochi, kwa pazia, kwa jirani aliyepita. Wakati wa chakula Githinji aliinua chapati kwenye mwanga, akaibonyeza, akatafuta ndani ya moyo wake neno zuri.

"Chapati hii," alisema, "ina ujasiri."

Gathoni alimnyang'anya sahani.

Jumamosi alipelekwa bila koti, kwa amri ya mkewe, na alipoketi kwenye kile kiti cha plastiki alijihisi uchi. Antony alisimama mlangoni. Nakolong hakuwa amefika bado, kwa hiyo Githinji aliamua kujizoeza kwa wengine. Jeremy alileta mtu mwenye hasira, uso umekunjamana, mikono mfukoni.

"Mistari," Githinji alisema, akameza mate. "Ni mingi."

Jeremy alingoja. Hakuna kilichofuata.

"Imekataliwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesema ni mingi. Ni vizuri. Mtu akiwa na mistari mingi, hiyo ni vizuri."

Wote walitazamana. Dahabo, aliyekuwa amechora sufuria ya chai ikifurika, alisogeza kiti karibu naye.

"Daktari, sukari imepanda? Nikuitie boda ikupeleke hospitali?"

Kabla hajajibu, Nakolong aliingia. Alikuwa mwanamke mrefu, shanga zimejaa shingoni, na alitembea katikati ya mabunda ya karatasi kama mtu anayepita katikati ya mbuzi wa jirani. Hakumsalimia Githinji. Aliwasalimia wengine mmoja mmoja, hata mashine ya fotokopi aliitazama kwa heshima, kisha akafungua leso, akatoa karatasi, akaiweka mezani mbele ya Daktari.

"Haya," alisema. "Kagua."

Githinji aliiinua kwenye mwanga. Alikuwa amejiandaa kudanganya, amebeba ule mstari wake wa mistari mdomoni kama kidonge, na sasa akaona kwamba hatauhitaji. Alikuwa Longor. Alikuwa Longor kabisa, kutoka ncha ya pembe mpaka mkiani, na alama za kukatwa masikioni, na nundu iliyoinamia upande mmoja, na jicho lililomtazama mkaguzi bila kumsamehe. Hakuna mtu aliyewahi kuleta kitu kama hicho kwenye duka la Sheila. Githinji alisikia raha kubwa ikimshuka kifuani. Angeweza kusifu na kusema kweli kwa wakati mmoja, na mwanawe angeoa, na yote yangekwisha kabla ya saa kumi.

Kidole gumba chake, kwa mazoea tu, kilitembea juu ya karatasi. Kilipita shingoni. Kilifika chini ya taya kikasimama.

Hapo palikuwa na uvimbe.

Ulikuwa umechorwa vizuri, kama kila kitu kingine, umening'inia chini ya taya, laini, mzito wa maji. Kichwa kile ambacho Githinji hakuwahi kukiona, kilichokwenda supuni kabla hajafika, sasa kilikuwa mkononi mwake. Mji huu hauna mtoto asiyejua maana ya uvimbe huo kwa ng'ombe. Ni ini lililoliwa na minyoo. Longor alikuwa mgonjwa tangu kwao, na Nakolong alimwona kila asubuhi akiwa na uvimbe huo, na sasa mkono wake ulikuwa umemchora kama alivyokuwa kwa sababu mkono huo haukujua njia nyingine ya kumchora.

Miaka kumi na moja. Ushahidi ulikuwa hapa, kwa wino, umeletwa na mshitaki mwenyewe. Angeweza kuuinua juu mbele ya mashahidi sita. Angeweza kuupeleka kanisani kwa yule mzee. Alitaka sana kufanya hivyo, alitaka kuliko alivyotaka chai. Alifungua mdomo, na sauti ya machinjioni ikaanza kutoka yenyewe.

"Ime..."

Mlangoni Antony alifumba macho.

"Imemwagikiwa wino kidogo," alisema Githinji. "Hapa, chini ya taya. Ni doa tu. Mengine yote ni sawa."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na aliona aibu, na aliona pia Antony akianza kupumua. Sheila, mwepesi wa kusaidia, tayari alikuwa ameshika chupa ya rangi nyeupe ya kufutia.

"Doa gani?" aliuliza Nakolong.

"Dogo tu, Mama Peris. Kalamu iliteleza. Hutokea kwa kila mtu."

"Kalamu yangu haitelezi."

"Mama, ni sawa tu," alisema Peris haraka. "Sheila atafuta."

Nakolong aliusukuma mkono wa Sheila na ile chupa yake. Alikuwa amekuja kugombana juu ya fahali, lakini hili lilikuwa jambo jipya na baya zaidi. Alichora karatasi ile siku tatu. Kuambiwa kwamba amemwaga wino, tena na mtu yule yule aliyemkatalia fahali, hakukumezeka.

"Sikiza wewe," alisema. "Mimi nimechunga hii ng'ombe miaka saba. Kila kitu iko kwa mwili yake mimi najua. Hii si doa. Mimi sichori madoa. Hii ni uvimbe. Alikuwa nayo hapa, hapa kabisa, na ilikuwa kubwa kuliko hivi. Ni karatasi yenu ndiyo ndogo."

Huko mbele mashine ya fotokopi iliendelea kutapika barua ya mtu.

"Ini," alisema Dahabo polepole, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

Peris alijiziba mdomo. Nakolong alitazama karatasi, akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, na kwa muda alionekana kama mtu aliyefunga mlango na kuacha ufunguo ndani. Lakini hakukana. Alivuta kiti, akaketi mkabala na Githinji.

"Nilijua," alisema. "Kwani mimi sina macho?"

"Ulijua," alisema Githinji. "Na umeniita mwizi miaka kumi na moja."

"Nimekuita."

"Kwa nini, Mama Peris?"

"Ulisemea wapi?"

"Kusemea nini?"

"Maneno ya ng'ombe yangu. Ulisemea wapi?"

Githinji alianza kujibu, kisha akakumbuka. Alisemea kwenye ngazi za machinjio, saa moja na nusu asubuhi, wachinjaji wote wakiwapo na wanunuzi wamepanga foleni. Alikuwa amelichoma lile ini kwa kisu, akaliinua juu, akauliza kwa sauti ile yake mwenye takataka hii ni nani. Watu walicheka. Alikumbuka kwamba hata yeye alicheka kidogo.

"Mimi nilikuwa nyuma na watoto," alisema Nakolong. "Huyu Peris nilikuwa nimemshika mkono. Ungeniita kando. Ungeniambia pole pole, mama, huyu ng'ombe yako ni mgonjwa, haiwezi kuliwa. Ningelia kidogo niende nyumbani. Lakini ulisema na watu wakacheka. Sasa mimi ningefanya nini? Nikasema wewe ni mwizi. Hiyo pia watu walisikia."

Githinji aliwatazama wenzake. Jeremy alikuwa akitazama viatu vyake, mikono mfukoni. Githinji aliwakumbuka wale wanane walioacha kuja, akakumbuka bondia na wateja wa fotokopi waliogeuka kumtazama aliyemchora. Alikuwa amedhani watu hao hawapendi ukweli. Aibu ilimshika, ya kweli, na hakukuwa na koti la kuifunika.

"Pole, Mama Peris," alisema. "Hiyo ilikuwa makosa yangu. Ini ilikuwa mbaya, lakini mimi pia nilikuwa mbaya."

Nakolong aliuvuta mchoro wake karibu.

"Na hii," Githinji aliongeza, akigusa ukingo wa karatasi, "iko na maneno kidogo. Tutoke nje nikuambie?"

Nakolong alifikiri. Kisha akainuka, akachukua mchoro wake, wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakasimama ukutani karibu na mkokoteni wa mitungi ya maji. Ndani ya duka wanachama wote wa Jumamosi ya Wino walijibandika dirishani, Antony katikati, Sheila akiwa bado na chupa yake.

Githinji alijaribu kunong'ona. Hakuwa na uzoefu, na mara ya kwanza mwenye mkokoteni aligeuka akauliza kama ameitwa. Mara ya pili sauti ilitoka ndogo.

"Mguu ya nyuma," alisema. "Ile ya kushoto. Ni fupi."

Nakolong aliitazama karatasi.

"Hata mimi niliona," alisema. "Nilianza na pembe. Kufika huko nilikuwa nimechoka."

"Hiyo tu. Zingine zote, hakuna mtu hapa anaweza kuchora hivyo. Hata hiyo uvimbe. Mimi nimeona mia moja na sijaona moja imechorwa hivyo."

"Ungekuja mapema hiyo siku ungeiona."

"Nilichelewa," Githinji alikubali. "Hiyo pia hujawahi kunisikia nikisema."

Nakolong alikunja karatasi, akaifunga ndani ya leso, akaikaza fundo. Alitazama dirishani, nyuso saba zikatoweka, zikarudi.

"Jumapili baada ya kanisa kuja na wazee wako," alisema, na yeye pia alikuwa ameshusha sauti. "Na siku zote, ukiona kitu kwa huyu msichana wangu haikupendezi, unaniita kando. Unaniambia mimi kwanza."

"Nitakuita kando, Mama Peris," alisema Githinji, kwa sauti ya chini kabisa aliyowahi kuitoa, hivi kwamba huko dirishani Antony hakusikia hata neno moja, akaendelea kuamini kwamba amekosa mke mpaka Nakolong alipoingia na kumwuliza kama amekula.